Barua ya wazi kwa wachungaji na wazee wa kanisa: zile fomu za karama ziliishia wapi?

Kwa Baba Mchungaji, wazee wa kanisa na viongozi wote wa idara,

Bwana Yesu asifiwe.

YAH: WASHIRIKA WENYE KARAMA KUKAA BENCHI

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Wazee wangu, niwatoe wasiwasi mapema, sina kundi nyuma yangu, sina mpango wa kuanzisha huduma yangu na sijatumwa na mtu. Nasema hivyo manake najua kikao kikikaa, kabla hata hamjaangalia kama ninachosema ni kweli mtaulizana kwanza nani yuko nyuma ya huyu. Hakuna mtu. Ni mshirika wa kawaida tu, natoa sadaka yangu, nahudhuria, na nimechoka kukaa.

Hili jambo nililileta kwenu kwa njia zote za kawaida. Nilianza na kiongozi wa idara akaniambia ongea na mzee wa zamu, mzee wa zamu akaniambia hayo mambo andika barua, nikaandika, katibu akaipokea vizuri kabisa akasema itasomwa kwenye kikao. Kikao kikapita, kingine kikapita, nikiuliza naambiwa "tuendelee kuomba". Kuomba tunaomba, wazee wangu, ila barua inajibiwa kwa barua. Ndo maana leo naandika wazi. Kanisa silitaji na mtu simtaji, kwa sababu shida yenyewe haiko kwa mtu mmoja, na nina hakika kuna washirika wa makanisa mengine wataisoma hii barua wadhani imeandikwa na jirani yao wa kiti.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Fomu tulizojaza hazijasomwa mpaka leo

Mnaikumbuka ile semina ya karama. Mwalimu alifundisha vizuri sana, akatupitisha Warumi 12, Wakorintho wa Kwanza 12, Petro wa Kwanza 4 pale panaposema kila mmoja kwa kadiri alivyoipokea karama aitumie kuwahudumia wenzake, tukaandika mpaka kalamu zikaisha wino. Mwisho wa semina tukagawiwa fomu. Unapenda kufanya nini, watu huwa wanakushukuru kwa jambo gani, una ujuzi gani wa kazi, uko tayari kuhudumu wapi. Watu walijaza kwa moyo jamani, kuna bibi hajui kuandika alikuwa anamtajia mjukuu wake na mjukuu anaandika. Fomu zikakusanywa, zikafungwa na mpira, zikapelekwa ofisini na habari yake ikaishia hapo.

Bora msingetuuliza. Mtu ambaye hajawahi kuulizwa anaweza akakaa zake maisha yote akiamini hana kitu na akawa na amani yake, lakini ukishamuuliza una nini, akajikagua, akapata ujasiri wa kuandika "nadhani naweza kufundisha watoto", alafu pakawa kimya, anauchukua ule ukimya kama jibu. Anajua ameangaliwa akaonekana hafai, na hata ukimfuata baadaye ukamwambia njoo usaidie atakwambia aah mimi siwezi hayo, na atakuwa anaamini anachosema.

2. Kazi zote ziko kwa watu wale wale

Anayeongoza ibada ndo anayesoma matangazo, ndo mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ndo mlezi wa vijana, na kwaya ikipungukiwa sauti ya besi anaingia yeye yeye. Simsemi kwa ubaya. Mtu amechoka, anaonekana kabisa amechoka, na nyumbani kwake wanajua zaidi yangu.

Kitabu cha Kutoka sura ya 18 mmeihubiri wenyewe mara nyingi. Musa anakaa kuamua mashauri ya watu toka asubuhi mpaka jioni, mkwewe Yethro anakuja kumtembelea, anaangalia siku moja tu anamwambia hivi unavyofanya sio vizuri, mtadhoofika wewe na hawa watu ulio nao. Mahubiri yetu huwa yanaishia kwenye uchovu wa Musa, alafu tunaambiwa tumwombee mchungaji. Lakini Yethro aliwataja na watu! Watu nao wanachoka, wanachoka kwa kusimama tu na kusubiri mtu mmoja. Na wale waliokuja kuwa wakuu wa maelfu na mamia na hamsini na kumi hawakuagizwa kutoka taifa lingine, walichaguliwa humo humo kati ya watu, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kabisa kwamba jana yake walikuwa kwenye ile foleni wanasubiri shauri lao lisikilizwe.

Alafu tusome na maelekezo yenyewe. Yethro hakumwambia Musa teua watu uwaachie wahangaike. Alimwambia kwanza wafundishe amri, waonyeshe njia ya kuiendea na kazi ya kufanya, ndo uwaweke, mashauri madogo waamue wenyewe na yale makubwa wakuletee. Kuna mafunzo hapo, kuna kazi inayolingana na uwezo wa mtu, na kuna mahali pa kukimbilia ikimshinda. Kwetu mtu ama hapewi kitu kabisa, ama anapewa idara nzima Jumapili ya uteuzi, anawekewa mikono, anapigiwa makofi, Jumatatu yuko peke yake hajui hata daftari la idara liko kwa nani.

3. Karama mnazoziona ni za maiki tu

Mtu akiimba vizuri mnamwona wiki ya kwanza. Akiwa na ulimi wa kuongea mnamwona. Hao wengine je? Mtu wa kwanza kwenye Biblia kuelezwa kwamba amejazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ni Bezaleli, Kutoka 31, na kazi yenyewe ilikuwa ufundi, dhahabu, fedha, shaba, kuchonga mawe, kuchora mbao. Sura ya 35 inaongeza kitu ambacho huwa tunakiruka, kwamba yeye na Oholiabu wa kabila la Dani walitiwa moyoni pia kufundisha. Kwa hiyo fundi yule alipewa mkono wa kazi na akapewa na moyo wa kutengeneza mafundi wengine.

Sisi tuna mafundi umeme kanisani lakini spika zikikoroma tunaita mtu wa nje tunamlipa. Tuna watu wa mahesabu wanaoaminiwa na kampuni kubwa huko makazini kwao, ila ripoti ya fedha ya kanisa inasomwa kwa kubahatisha. Paulo anapoorodhesha karama kule Wakorintho wa Kwanza 12 anataja masaidiano na maongozi katikati ya kuponya na lugha, hazijawekwa pembeni kama kazi za kibarua. Warumi 12 inataja kutoa, kusimamia, kurehemu. Mara ya mwisho mmeita mtu mbele mkamshukuru kwa karama ya kurehemu ni lini? Wapo wanaokwenda kukaa na wagonjwa usiku bila kutangaza, mimi nawajua, nyie hamuwajui.

Na hili niliseme kwa uchungu kidogo. Kuna dada aliandika kwenye fomu kwamba anajua lugha ya alama, alijifunza kwa ajili ya mdogo wake asiyesikia. Viziwi tunao, wanakaa nyuma, ibada nzima wanaangalia midomo ya mhubiri wakiambulia neno hapa neno pale, na mhubiri akigeuka kuangalia kwaya hata hilo neno moja limepotea. Ulitakiwa kusomwa mstari mmoja tu wa fomu moja. Huyo dada anakaa safu ya tatu kila Jumapili, amekunja mikono.

4. Mtu akikosea mara moja ndo basi tena

Hapa nitakaa kidogo manake ndo panaponiuma zaidi.

Kuna kijana alipewa nafasi ya neno kwenye ibada ya katikati ya wiki. Alijiandaa mpaka akapitiliza, akaongea haraka haraka, akamchanganya Eliya na Elisha, na muda ukamzidi. Mzee mmoja akasimama akachukua maiki akasahihisha pale pale mbele ya watu, watu wakacheka kidogo, basi. Hakuna aliyemfuata baadaye. Hakuna aliyemwambia sehemu fulani uliifanya vizuri, hii nyingine rekebisha, wiki ijayo njoo tuandae pamoja. Yule kijana siku hizi anakaa karibu na mlango, kabla ya baraka ameshatoka.

Sasa mlinganisheni na Apolo, Matendo 18. Apolo alikuwa na kipaji hasa, mtu wa Aleksandria, msemaji hodari, Maandiko anayajua, ila kulikuwa na pengo, alikuwa anajua ubatizo wa Yohana tu. Anafundisha kwenye sinagogi Efeso kwa ujasiri, na waliokaa wanamsikiliza ni Prisila na Akila ambao wanaona kabisa hapa pamepungua. Kusimama wakamsahihisha mbele ya watu ilikuwa rahisi. Wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na alipotaka kwenda Akaya ndugu wakamtia moyo wakamwandikia barua wanafunzi wa huko wampokee. Prisila na Akila walikuwa mafundi mahema jamani, watu wa kushona, hawana cheo chochote kinachotajwa pale, ila walijua kumrekebisha mtu bila kumvunja.

Na Marko je? Aliwaacha Paulo na Barnaba njiani kule Pamfilia akarudi zake Yerusalemu. Safari ya pili Barnaba akataka wamchukue tena, Paulo akakataa katakata, wakagombana mpaka wakaachana, Barnaba akaondoka na Marko kwenda Kipro. Sitaki kusema Paulo alikosea, kazi ilikuwa ngumu na alihitaji watu wa kutegemea. Lakini angalieni mwisho wake, Timotheo wa Pili sura ya 4, Paulo yuko kifungoni, anaona siku zake zimekaribia, anamwandikia Timotheo amlete Marko kwa sababu anamfaa kwa utumishi. Marko huyo anayefaa alitoka wapi? Kuna mtu alikubali kugombana na rafiki yake ili aliyeshindwa apate safari ya pili. Mtaniambia Barnaba alimbeba kwa sababu walikuwa ndugu. Sawa, basi na sisi tubebeni, si mnatuita ndugu kila Jumapili.

Huyu Barnaba mimi ndo ningependa awe mfano wa kila kiongozi kwetu. Sauli, ndo Paulo huyo huyo kabla hajaitwa Paulo, alipofika Yerusalemu wanafunzi wote walimwogopa, Barnaba akamchukua akampeleka kwa mitume. Baadaye ametumwa Antiokia, kazi inakua, watu wanaongezeka, angeweza kula sifa mwenyewe, yeye anafunga safari mpaka Tarso kumtafuta Sauli, anamleta, wanafundisha pamoja mwaka mzima. Mwanzoni mwa Matendo 13 inasomeka "Barnaba na Sauli", na sura haijaisha inasomeka "Paulo na Barnaba". Yule aliyefuatwa Tarso amempita aliyemfuata, na hamna mahali Barnaba amelalamika kwamba jina lake limesogezwa nyuma.

5. Mwenye kipaji kinachoonekana anaogopwa

Najua hili ni gumu kuliandika na ni gumu kulisoma. Lakini limetokea zaidi ya mara moja. Mwalimu wa vijana darasa lake likaanza kujaa, watu wakaanza kumsifia, ghafla ratiba ikabadilishwa, darasa likaunganishwa na lingine, yeye akapewa "jukumu la maombi" ambalo halina siku wala saa wala watu. Kila mtu kanisani alielewa kilichotokea ingawa kwenye matangazo ilisemwa ni maboresho.

Sauli mfalme alianza vizuri na Daudi, alimpenda, akamfanya mbeba silaha wake, siku ya Goliathi alimvalisha mavazi yake mwenyewe ya vita, alafu akamweka juu ya watu wa vita. Kilichomgeuza ni wimbo. Wanawake waliimba kwamba Sauli ameua maelfu yake na Daudi makumi elfu yake, na toka siku ile akawa anamwangalia kwa jicho baya. Adui bado walikuwepo, vita bado ilikuwepo, ila nguvu nyingi za mfalme zikaishia kumfukuza mtu wake mwenyewe nyikani.

Musa naye alijaribiwa hivyo hivyo, Hesabu 11. Wazee sabini wamekusanywa kwenye hema, Eldadi na Medadi wamebaki kambini, Roho akawashukia huko huko nje ya utaratibu, wakaanza kutabiri. Yoshua kwa uaminifu wake wote akasema bwana wangu Musa, wakataze. Musa akamuuliza kama anaona wivu kwa ajili yake, akasema anatamani watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Wazee, kila kiongozi ana Yoshua wake, mtu anayempenda kweli anayekuja kumnong'oneza "baba, yule anakuja juu sana". Mnawajibu nini?

6. Vijana na kina mama

Hapa nitakuwa mfupi, manake kila mtu anajua. Vijana tunaitwa kanisa la kesho na hiyo kesho haijawahi kufika, wenzetu waliokuwa kanisa la kesho sasa wana watoto ambao nao wanaitwa kanisa la kesho. Kina mama wanapewa kupika na kufagia hata yule ambaye huko kazini kwake anaongoza watu wengi kuliko washirika wetu wote.

Najua mtakachosema

Mtasema hawajakomaa, na mtanitajia Timotheo wa Kwanza, asiwe mtu aliyeokoka juzi juzi, usimwekee mtu mikono kwa haraka. Nakubali, na sijaomba mtu yeyote awekwe kuwa mzee kesho. Ila someni na kamstari kengine sura ya 3 ya barua hiyo hiyo, kuhusu mashemasi, wajaribiwe kwanza ndipo wafanye kazi hiyo. Atajaribiwaje mtu asiyepewa kitu? Mnasubiri akomae akiwa amekaa.

Mtasema tukiwafundisha wataondoka waanzishe makanisa yao. Wengine kweli wataondoka, sitadanganya. Kanisa la Antiokia lilikuwa na manabii na walimu, na lilipoambiwa litoe watu likawatoa Barnaba na Sauli, wale wale waliolifundisha mwaka mzima, likafunga kula na kuwaombea na kuwaaga. Kwetu mtu anaondoka usiku na anasemwa vibaya mwaka mzima, alafu tunashangaa kwanini anaondoka kwa siri. Na nikiangalia walioondoka hapa kwetu, wengi wao hawakuondoka kwa kufundishwa sana. Walikaa muda mrefu bila kazi, mahali pengine wakaitwa siku ya pili tu.

Mtasema bajeti hamna. Fedha gani inahitajika mtu mzima kumwambia kijana njoo uketi pembeni yangu uone ninavyoandaa somo?

Mtasema, na hili ndo lenye uzito kuliko yote, kwamba karama anagawa Roho kama apendavyo, sio sisi. Kweli, anagawa yeye. Lakini Samweli alipokuwa mtoto Mungu mwenyewe ndo alikuwa anamwita kwa jina, na Samweli hakujua ni nani, mara tatu anakimbia kwa Eli, nimekuja, umeniita. Aliyetambua kinachoendelea ni Eli. Mzee macho yameshaingia giza, nyumba yake imemshinda, watoto wake wanaharibu kila kitu, ila alimjua Mungu kiasi cha kumwambia kijana rudi ukalale, ukiitwa tena sema hivi. Na neno la kwanza alilopewa Samweli lilikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli huyo huyo! Asubuhi akamlazimisha amwambie yote bila kuficha, akaambiwa, akalipokea. Na Timotheo naye, Paulo anamkumbusha karama yake ilihusika na kuwekewa mikono na wazee, alafu anamwambia aichochee. Kwa hiyo wazee wana sehemu yao, tena kubwa, msimwachie Roho kazi mliyopewa nyie.

Wako wengine mtasema, mtu mwenye karama kweli atajitokeza mwenyewe. Daudi hakujitokeza. Samweli nabii amekuja nyumbani kwao na mafuta mkononi, watoto saba wamepitishwa mmoja mmoja, baba yake mzazi hakumhesabu, mpaka Samweli akauliza hawa ndo wote? Hilo swali tu, hawa ndo wote, hamjatuuliza siku nyingi sana.

Ninachoomba

Siombi mapinduzi na siombi mtu yeyote avuliwe nafasi yake. Naomba haya.

Kwanza zile fomu zifunguliwe. Kama zimepotea semeni zimepotea tujaze upya, hamna ugomvi. Kila aliyejaza aitwe na mtu mmoja, hata dakika kumi baada ya ibada, aambiwe tumeona ulichoandika, tunadhani uanzie hapa, au tunadhani hapana na sababu ni hii. Hata hapana ni jibu, mtu anaweza kuishi nalo.

Pili kila kiongozi wa idara awe na mtu anayejifunza kwake, anayejulikana kwa jina mbele ya washirika, na ndani ya mwaka mmoja huyo mtu awe ameshaifanya ile kazi mwenyewe huku kiongozi amekaa anaangalia. Nasisitiza amekaa. Tunao viongozi ambao wanakupa maiki lakini mkono hawautoi. Paulo alimwambia Timotheo aliyoyasikia kwake awakabidhi watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha na wengine, hapo kuna Paulo, Timotheo, hao waaminifu, na hao wengine, vizazi vinne kwenye mstari mmoja. Idara zetu nyingi zina kizazi kimoja na nusu.

Tatu, ibada moja ya katikati ya wiki kila mwezi iwe ya wanaojifunza, kuhubiri, kuongoza, kufundisha, hata kuendesha mitambo. Iwe inajulikana wazi kwamba ni ya kujifunza ili mtu asife moyo akikosea. Na baada ya hapo kikao kifupi, faragha, cha mtu aliyehudumu na wazee wawili, wamwambie lililo zuri na la kurekebisha. Yule kijana wa mlangoni naomba awe wa kwanza, na yule mzee aliyemsahihisha naomba ndo amfuate, kama ataona vema.

Nne, kwenye mkutano mkuu wa washirika kila idara inaposoma taarifa yake ya mapato na matumizi isome pia na majina ya waliofundishwa mwaka huo. Idara isiyo na jina hata moja iulizwe kama inavyoulizwa ikikosa risiti.

Tano, dada wa lugha ya alama apewe kiti mbele, aangaliane na wale wenzetu wa nyuma, na wao waletwe mbele. Hili halihitaji kikao wala kamati, linaweza kufanyika Jumapili hii.

Wapo kati yenu wanaofanya haya tayari, na sitaki waumie. Mama mmoja wa shule ya Jumapili kwa mfano, kila darasa analoingia anaingia na binti mmoja au wawili, anawapa dakika tano za kisa, kesho yake dakika kumi, na walimu karibu wote wa watoto tulionao sasa wametoka mkononi mwake. Hajawahi kuitwa kwenye semina yoyote ya uongozi. Kama mnatafuta mwalimu wa kuwafundisha viongozi wa idara namna ya kulea watu, msiagize wa mbali, muiteni yeye, na siku hiyo nyie mkae kwenye viti.

Naomba jibu kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu ujao. Mkitaka kuniita niitwe, nitakuja, ila naomba niitwe pamoja na wengine waliojaza fomu na sio peke yangu ofisini jioni. Nakala ya hii barua nimempa katibu kwa mkono, amesaini kupokea.

Wenu katika Bwana,

Mshirika mwenzenu, mmoja wa waliojaza fomu